Muguka Hautulizi Hasira: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili upande wa Kisauni, Mombasa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanaokuja na hasira, wasiwasi au huzuni, au wanaoletwa na mama zao.

Kutawala hisia maana yake nini?

Ni kukasirika, ukajua umekasirika, kisha ukaamua wewe utakachofanya. Si kutokasirika. Mtu asiyekasirika kabisa sijamwona bado.

Mtu huzaliwa hivyo au hujifunza?

Hujifunza. Mtoto mchanga hawezi kujituliza, hutulizwa. Akilia akabebwa na kusemezwa kwa sauti ya chini, mwili wake unazoea kurudi kwenye utulivu, na akikua anaweza kurudi peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi. Kwa hivyo kijana wa miaka 16 akilipuka, usikimbilie kumwita mkaidi. Bado anahitaji utulivu wako. Ukimchapa kwa kuwa analia, ukamwambia mwanamume halii, amejifunza kuficha tu. Tunawapokea hao wakiwa watu wazima, na ukiwauliza wanahisi nini, jibu ni moja: "Nina mawazo, sista." Mawazo gani? Hawajui.

Mbona mimi nikitafuna muguka natulia?

Hutulii. Muguka, majani ya jamii ya miraa, una kathinoni, nayo ni kichocheo: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, usingizi unakimbia. Unachokiita kutulia ni handasi, yaani stimu ya muguka. Kwa saa chache mawazo yanakaa upande mmoja, unapiga hesabu za biashara, unaona hata meli ya Kilindini utainunua. Handasi ikikatika, unabaki na huzuni, uchovu na hamaki. Usiku hukulala. Na ubongo usiolala huwaka haraka: asubuhi mama watoto anauliza pesa ya unga, unamrukia kama amekutusi. Kisha unarudi kibandani kununua mfuko mwingine, eti upunguze hasira. Hasira hiyo ilitoka wapi?

Lakini kaunti iliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha. Si ina maana hauna madhara?

Ni kweli, Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na mahakama ikalisimamisha agizo hilo. Kesi ile ilihusu sheria, wakulima na biashara. Hakuna jaji aliyesema muguka unatuliza. Hautulizi.

Na nikimeza tembe ya usingizi baada ya kutafuna, ili mambo yawe sawa?

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mchana unakanyaga mafuta, usiku unakanyaga breki, na injini ni moja. Tembe hizo, zikiwemo bugizi, zile za usingizi zinazouzwa mtaani, huleta uraibu. Ukizichanganya na pombe zinaweza kukukata pumzi usingizini. Hazinunuliwi bila karatasi ya daktari, hata kama unamjua anayekuuzia. Ikiwa umezimeza kila siku kwa wiki kadhaa, usiache ghafla, kwa sababu unaweza kupata kifafa. Njoo tukupunguzie taratibu.

Basi hasira ikipanda nifanye nini?

Ondoka hapo, lakini sema unarudi: "Nipe dakika ishirini." Ukiondoka kimya unaacha ugomvi mwingine nyuma. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, urudie kwa dakika chache. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Mwenye dhikri au sala yake, aende nayo.

Kisha itaje hisia kwa jina lake. Hili wanaume hulicheka, na ndilo linalosaidia kuliko yote. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na kidole kimevimba, amepiga ngumi mlango wa chumba chake. Kwa nini? "Hasira." Tulipoongea, ikawa pikipiki imeshikwa, mwenye nyumba amemdai kodi mbele ya mtoto wake. Hiyo ni aibu. Aibu haimalizwi na mlango wala na muguka. Inamalizwa na mazungumzo na mwenye nyumba, na tulikaa tukapanga atakavyomwambia.

Fanyeni mazoezi haya siku mkiwa wazima. Anayejaribu mara ya kwanza katikati ya ugomvi hawezi.

Kunyamaza si ndiyo subira?

Hapana. Anayemeza hasira hutulia usoni tu, mwilini presha iko juu vilevile. Mwenye subira anajua kinachomuuma, na ana mtu angalau mmoja aliyemwambia.

Mwanangu hajalala siku tatu, anasema anasikia sauti. Ustadhi anamsomea. Tungoje?

Msingoje. Kisomo kiendelee, sina ugomvi nacho, na hakuna dawa yetu inayokizuia. Lakini hospitali ni leo. Muguka mwingi na kukosa usingizi vinaweza kumfanya mtu asikie sauti na kuona kila mtu ni adui. Kuna magonjwa ya akili yanayoanza hivyohivyo pia. Ninachokiona ni hiki: mwezi umepita, pesa za waganga zimekwisha, kijana analetwa na tuktuk, vifundo vya mikono vina alama za kamba. Alama zile zinaniuma. Angeletwa siku ya tatu, wala asingefungwa. Mama, usingoje eti jirani asijue. Usingoje mwisho wa mwezi. Msingoje.

Akisema anataka kufa?

Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, na umlete siku hiyohiyo, hata usiku. Usiseme anatafuta kuhurumiwa. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Mleteni.

Tumpeleke wapi, na tuje na nini?

Hospitali ya Port Reitz kuna huduma ya afya ya akili. Ikiwa ni dharura, Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, au hospitali yoyote iliyo karibu. Kama si dharura, anzia kituo cha afya cha mtaani upewe rufaa. Kwa mambo ya uraibu piga 1192, kwa mtoto piga 116. Zote ni bure.

Njoo na pakiti za tembe zote, hata tupu. Na utuambie kiasi cha muguka kwa ukweli. Watu hutuambia "kidogo tu, sista" na shavu bado limejaa. Hatuandiki ili tukushtaki. Dawa utakayopewa inategemea ulichokwisha kumeza na kutafuna.