Je, wajua kwa nini aproni ya kitenge huwahi kuchoka?

Kitenge huuzika kwa macho. Mteja anapenda rangi, analipa, na siku ya kwanza ya kukaanga samaki mafuta yanapenya hadi kwenye blauzi. Kitenge ni chepesi, kinafaa gauni. Aproni ya jikoni inataka pamba ya gramu 200 hadi 270 kwa mita ya mraba: dukani ulizia kaki ya pamba, au jinzi nyepesi. Ikipita gramu 300 mpishi atatota jasho, na msimu wa mvua haitakauka upesi. Uzito unaupima mwenyewe: mita moja ya kaki ya gramu 240, yenye upana wa sentimita 150, ikiwekwa kwenye mizani ya jikoni husoma gramu 360.

Muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwenye kisahani. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu cheusi. Moto ukishika aproni, kitu hicho hicho ndicho huganda kwenye ngozi. Tetroni, yaani poliesta iliyochanganywa na pamba, ni nzuri kwa wasusi na wahudumu wa mezani, maana haikunjamani na hukauka haraka. Muuza chipsi usimpe.

Kabla ya kukata, loweka kaki yote kwenye maji ya moto, anika, piga pasi. Pamba mbichi mara nyingi hurudi asilimia 3 hadi 5. Kwenye sentimita 90 unaweza kupoteza 4 na nusu. Balaa huonekana mfukoni. Ukibandika mfuko wa kitenge cha poliesta juu ya kaki ambayo haijafuliwa, kaki inarudi, mfuko unabaki vilevile, na baada ya kufuliwa mara moja unatuna katikati. Kitenge nacho kisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Cheupe kikishika rangi, kitachuja.

Kwa aproni 10 za sentimita 70 kwa 90, zikikatwa mbili mbili kwenye upana wa 150, mwili unakula mita 4 na nusu, kamba robo tatu ya mita. Nunua 6, mifuko itoke kwenye kitenge. Tumia sindano namba 16 na uzi wa poliesta, na kila kamba inaposhikana na mwili shona mraba wenye alama ya X ndani, kwani hapo ndipo aproni hung'oka kwanza.