Kabla hujatangaza mradi wa "mwaka wako"

Simu ya kwanza ya msimu huu iliingia usiku, mikono yangu ikiwa imejaa povu la vyombo. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha moja kwa moja: "Mwaka wangu unaanza Julai 1. Unanishauri nifanye mradi gani?"

Nikamwambia asifanye wowote. Akanyamaza.

Kimya hicho nimekizoea. Nimeongoza klabu ya huduma, yaani kikundi cha watu wanaojitolea kuihudumia jamii na kinachobadilisha rais kila mwaka, mara mbili, nimekuwa katibu wake kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na siku hizi kazi yangu ya kujitolea ni kuwaandaa marais wateule kabla hawajakabidhiwa kengele na nyundo. Katika jumuiya za kimataifa za klabu kama hizi, klabu za Rotary na za Lions huanza mwaka wao Julai 1, za Kiwanis Oktoba 1, na vikundi vingi vidogo hufuata Januari kama watu wengine. Tarehe zinatofautiana, swali ni lile lile. Na ndani ya swali kuna neno moja linalonitia wasiwasi kuliko yote: "wangu".

Nalijua neno hilo kwa sababu liliwahi kunipata. Mara ya kwanza nilipokuwa rais nilitaka alama. Tukapeleka tanki la maji la lita 5,000 kwenye zahanati moja, tukafunga gata kuzunguka paa, tukaweka koki mbili nje, na ukutani tukabandika kibao cha jiwe chenye jina la klabu, mwaka, na jina langu. Picha zilikuwa nzuri. Mwaka ukaisha, nikakabidhi, nikaendelea na mambo yangu.

Baada ya miaka miwili nilipita pale kwa shughuli nyingine. Gata lilikuwa limening'inia upande mmoja kama mkono uliovunjika, mvua inamwagika chini, tanki linalia tupu ukiligonga. Koki moja haikuwa na kishikio. Lakini kibao changu kilikuwa kinang'aa. Nikamkuta mama mhudumu wa usafi anakipangusa kwa kitambaa, na miguuni pake kuna ndoo. Nikamuuliza maji ameyatoa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, kule barabarani, kisima cha jirani. Alikuwa anabeba maji kutoka kisima cha jirani kuja kusafisha kibao cha tanki lisilo na maji. Hakunitambua, nami sikujitambulisha.

Nilipofuatilia, sikumkuta mtu wa kulaumu. Zahanati ilidhani klabu itakuja kutengeneza, kwa kuwa siku ya makabidhiano nilisema hadharani "tutakuwa pamoja nanyi". Rais aliyenifuata hakujua kwamba nimesema hivyo. Sikuwa nimemwambia. Haikuwa imeandikwa popote.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya rais mpya ni kutafuta yaliyokwisha kuahidiwa. Makabidhiano ya klabu nyingi huwa ni chakula, hotuba na kuvishana beji. Ni vizuri, watu wafurahi. Lakini kaa na rais anayemaliza, katibu wake na mweka hazina wake, mezani, bila vipaza sauti, na mwulize hivi: mmemwahidi nani nini? Mwache akumbuke polepole. Kuna iliyoandikwa kwenye mihtasari, kuna iliyosemwa jukwaani, na kuna ile ya mlangoni wakati mnaagana, "msijali, tutaona la kufanya". Hii ya mlangoni ndiyo mbaya kuliko zote. Klabu huisahau kabla gari halijafika lami, na mwalimu mkuu aliyeambiwa ataikumbuka miaka kumi.

Mengine ya makabidhiano ni ya kawaida, nayataja kwa haraka. Benki haibadilishi watia saini bila muhtasari wa kikao uliosainiwa, kwa hiyo uandaeni mapema. Nimeona klabu ikikaa miezi miwili haiwezi kutoa hata nauli. Nywila za barua pepe na za kurasa za mitandao ziwe kwa watu wawili, asizibebe mmoja. Funguo za stoo. Orodha ya vitu vilivyomo stoo, na safari hii fungueni mlango mkavitazame.

Kwa nini tunajitesa na mwaka mmoja mmoja? Asili yake si mbaya. Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, na wenzake watatu walipokutana Chicago Februari 23, 1905, walikuwa wakizunguka kukutana ofisi ya huyu leo, ya yule kesho, na jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Uongozi nao ukawa wa kupokezana. Asiwepo mtu wa kuimiliki klabu, kila mmoja aonje mzigo. Nimeona vikundi ambavyo mwenyekiti ni yule yule tangu kuundwa, na siku akiugua kikundi kinaugua naye, kwa hiyo siutetei urais wa kudumu hata kidogo. Ila mzunguko una gharama yake, nayo ni usahaulifu. Kila miezi kumi na miwili kichwa cha klabu kinabadilishwa, na yaliyokuwa kwenye kichwa cha zamani yanaondoka nacho.

Rotary wenyewe wanaijua hatari hiyo. Katiba ya klabu zao inataka rais achaguliwe miezi 18 hadi miaka miwili kabla ya kushika kiti. Wengi hukitumia kipindi hicho kuchora mradi. Ningekuwa na uwezo ningekipa kazi moja tu: rais mteule amfuate aliyeko kitini kila mahali, na daftari.

Tazama pia walichokifanya kwa polio. Rotary International nayo hubadilisha rais wake kila mwaka, sawasawa na klabu ya mtaani. Mwaka 1985 walijifunga kutokomeza polio. Mwaka 1988, juhudi hizo zilipounganishwa na za Shirika la Afya Duniani na wengine, ugonjwa ulikuwa ukipooza watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Leo virusi vya asili vya polio vinasambaa bila kukatika katika nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan. Marais karibu arobaini wamepita. Kila mmoja alikuja na kaulimbiu yake na tai yake ya rangi mpya, lakini hakuna aliyesema polio ulikuwa mradi wa mwenzangu, mimi nina wangu. Lions nao, tangu Helen Keller, mwandishi wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, alipowahutubia mwaka 1925 kwenye mkutano wao wa Cedar Point, Ohio, na kuwaomba wawe mashujaa wa vipofu, hadi leo ukisikia Lions unafikiria macho. Kazi hizi hazikusukumwa na rais hodari. Zilisukumwa na marais wengi waliokubali kuwa wa katikati.

Najua hili haliwashawishi watu. Mtu amelipa ada miaka saba, amebeba viti, amesimama juani kwenye kambi za upimaji, sasa zamu yake imefika, unamwambia awe wa katikati. Namwelewa. Kwa hiyo namwelekeza mahali ambapo rais wa mwaka mmoja anaweza kweli kubadilisha kitu, nako ni kwa wanachama.

Chukua orodha ya wanachama, kaa nayo jioni moja peke yako. Mbele ya kila jina andika alichokifanya mwaka uliopita. Andika tendo lenyewe, cheo hakina maana hapa. Utashangaa. Katika klabu ya watu thelathini utakuta sita wanatajwa mara nyingi mpaka kalamu inachoka, na kumi na kitu hawatajwi popote. Wale sita wamechoka, na hao ndio utakaowapigia kwanza ukiwa na haraka. Usiwapigie. Waliobaki si wavivu. Wengi wao hawajawahi kuombwa jambo linaloshikika.

Na hapa kuna namna ya kuomba. "Naomba utusaidie kwenye kamati ya afya" si ombi, ni ukungu. Mtu atasema ndiyo kwa adabu na hutamwona tena. Ombi ni hili: "Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi hadi saa tano, naomba ukae meza ya kuandikisha wagonjwa, utakuwa na fulani, daftari nitalileta mimi." Lina mwanzo, lina mwisho, na anaweza kukataa bila kukosana nawe. Mfanyakazi ukimpa kazi ya hovyo atavumilia kwa ajili ya mshahara. Mwanachama wa kujitolea havumilii chochote. Yeye hupotea tu, kimya kimya, na ada yake inafuata.

Mwaka wangu wa pili tulimpata mwanachama mpya, fundi umeme, mtu wa maneno machache. Akaja mikutano mitatu. Wa kwanza tukampigia makofi. Wa pili akasalimiwa. Wa tatu nilimwona kwa jicho la pembeni akiinua kikombe cha chai kilichokwisha, akajifanya anakunywa, ili mkono wake uwe na shughuli. Nikasema nitamfuata baada ya mkutano, nikazongwa na watu wa bajeti, nilipogeuka kiti kilikuwa wazi. Hakurudi. Mwezi uliofuata tukamlipa fundi mwingine kufunga taa za kisima.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya uongozi, pigeni simu kwa walioondoka katika miaka miwili iliyopita. Lengo lisiwe kuwarudisha. Waulizeni tu ilikuwaje, na funga mdomo usikilize. Utajifunza kuhusu klabu yako mambo ambayo hakuna ripoti itakayokwambia: kwamba mikutano inaanza nusu saa baada ya muda, kwamba wazee wanataniana kwa mafumbo ambayo mgeni hayajui, kwamba michango ya papo kwa papo inamwaibisha asiye na kitu mfukoni siku hiyo.

Hilo la michango linanileta kwenye fedha, na hapa sina mzaha. Kuweni na mifuko miwili. Lions wana kanuni ya wazi kuhusu hili: fedha zilizochangwa na umma kwa ajili ya huduma haziguswi kwa uendeshaji wa klabu. Chai, barua, usafiri wa viongozi, hata beji, hulipwa na ada za wanachama wenyewe. Hata kama klabu yenu haimo katika jumuiya yoyote ya kimataifa, igeni kanuni hiyo. Siku mchangiaji atakapouliza shilingi yake ilikwenda wapi, mweka hazina asianze kukuna kichwa.

Jambo moja gumu limebaki: rais aliyekutangulia. Atakaa safu ya mbele, na kila ukipendekeza kitu atakohoa na kuanza, "Sisi mwaka wetu..." Marais wapya hunilalamikia sana kuhusu hili. Wengine humkwepa, wengine humkata kauli hadharani, na klabu inagawanyika mafungu mawili kabla ya Oktoba. Mpe kazi. Mpe ile orodha ya ahadi mliyoiandika pamoja, aifuatilie yeye, kwa sababu nyingi alizitoa mwenyewe na wenyeji wanamfahamu kwa sura. Nimeona dawa hii ikifanya kazi kwa watu wakorofi sana, mimi mwenyewe nikiwamo. Kazi ya kurudi kwenye lile tanki nilipewa hivyo hivyo. Vishikizo vya gata na koki mpya viligharimu pungufu ya kile kibao.

Kalenda ya mwaka, bajeti, kamati, hayo yote yafuate. Kalenda ipangeni kuanzia siku ya tukio mkirudi nyuma, si kuanzia leo mkienda mbele, na acheni mwezi mmoja mtupu kwa sababu kuna kitu kitaharibika.

Yule aliyenipigia usiku alipiga tena juzi. Safari hii hakuwa na haraka. Walikaa mezani kwa muda wa saa tatu, yeye na anayemaliza, wakapata ahadi kumi na moja. Nne zilikuwa zimekwisha tekelezwa bila mtu kuziandika, mbili wenyewe hawazihitaji tena, mbili klabu haiwezi na itabidi aende akaombe radhi ana kwa ana. Zikabaki tatu: choo cha shule chenye matundu bila mlango, vitabu vilivyokaa bandarini, na kijana mmoja aliyeambiwa atalipiwa mtihani.

Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama bado anaruhusiwa kuwa na mradi wake.

Nikamwambia anayo mitatu.