Ziwa Victoria liko juu kuliko mzamiaji anavyodhani

Rekodi ya kuzamia ikitangazwa, watu hushika namba moja tu: mita. Ahmed Gabr wa Misri, mita 332.35, Bahari ya Shamu, mwaka wa 2014, basi mazungumzo yamekwisha. Sisi tunaofanya kazi hii ya kuzamia Kisumu tuna swali la pili, ambalo mtu wa pwani hana haja nalo: maji yenyewe yako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari?

Kwa swali hilo, ninayemvulia kofia ni Nuno Gomes wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1996 alishuka mita 282.6 huko Boesmansgat, shimo la maji yasiyo na chumvi katika jimbo la Northern Cape. Kwa namba tupu Gabr amemwacha mbali. Lakini Boesmansgat iko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na katika kupanga namna ya kupanda, Gomes ilibidi ahesabu kana kwamba amezama mita 339 baharini. Hapo hapo Verna van Schaik aliweka rekodi ya wanawake ya mita 221 mwaka wa 2004, na hapo hapo Karen van den Oever akaivunja mwaka wa 2021. Hapo pia ndipo Dave Shaw alipofia Januari 2005, akijaribu kuutoa mwili wa kijana aliyekuwa amelala chini kule tangu Desemba 1994. Kamba ilimnasa, akapambana nayo, akahema kupita kiasi, na katika kina kile kuhema kupita kiasi ni hukumu. Siku chache baadaye wenzake wakivuta kamba ili watoe vifaa, miili yote miwili ikapanda yenyewe. Anayetafuta miili ya watu majini, hata kwenye kina cha mita tisa, aijue habari hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokukandamiza ukisimama ufuoni Dunga ni kama asilimia 87 ya ile inayomkandamiza mwenzako aliye Diani, pwani. Unaweza kuzaliwa Kisumu na kuzeekea Kisumu bila kulihisi jambo hilo. Utalihisi ukitoka chini ya maji. Kule chini mwili unafyonza naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi, na kadiri shinikizo linavyozidi ndivyo unavyofyonza zaidi. Ukipanda, naitrojeni lazima itoke, na ukiiharakisha hutoka kwa mapovu: kwenye viungo, kwenye damu, na siku mbaya kwenye uti wa mgongo. Kinachoamua si kina peke yake, bali ni shinikizo la kule chini limezidi la hapa juu mara ngapi. Baharini, mtu aliye mita 20 ana shinikizo karibu mara 3 ya lile la juu ya maji. Ziwani kwetu, mita hizo hizo 20 ni kama mara 3.2. Unaweza kuiona tofauti hii kuwa ndogo, lakini jedwali la kuzamia haliichukulii hivyo.

Chukua jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ambalo wengi waliosomea Diani au Watamu wanalo. Kwa mita 20 linakupa dakika 45 bila kulazimika kusimama njiani ukipanda. Mita 20 za Kisumu ni sawa na takriban mita 22 za baharini, na kwa mita 22 jedwali linasema dakika 37. Mimi huenda mstari mmoja zaidi, wa mita 25, dakika 29. Wapo wenzangu wanaoniona mwoga. Sawa tu. Jedwali lilitengenezwa kwa watu wanaopanda boti, wanakunywa chai, wanalala hotelini ufuoni. Hawaendi Kericho jioni.

Kabla ya Kericho, mambo mawili ya vifaa. Kipima kina cha mshale kilichorekebishwa pwani kikifika huku husoma pungufu kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo uko chini zaidi ya unavyoambiwa. Kompyuta nyingi za kuzamia hujirekebisha zenyewe, ila baadhi yake lazima uziwekee mwinuko kwa mkono, na utamkuta mtu amenunua moja ya bei ghali asijue yake ni ya aina gani. Pili, maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari. Vipande vya risasi vya mkanda wa uzito vilivyokutosha Watamu vitakuzamisha matopeni hapa. Toa kilo mbili au tatu kwenye mkanda, kisha ujaribu kwenye maji mafupi kwanza.

Haya, Kericho. Swali linalonijia mara nyingi kuliko mengine yote ni la watu wa Nakuru na Eldoret: naweza kuja Jumamosi, nizamie, nirudi jioni? Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Nakuru inapanda hadi Kericho, zaidi ya mita 2,000, halafu inapita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, ndipo inateremka. Shinikizo ndani ya ndege ya abiria hewani kwa kawaida halishuki chini ya lile la mwinuko wa mita 2,400. Yaani mwenye matatu ya Kisumu–Nakuru anakurusha bila tiketi ya ndege. Pakiti ya krisipi uliyonunua Kondele inakuwa imevimba kama mto ukifika Mau Summit. Naitrojeni iliyo mwilini mwako inatii kanuni hiyo hiyo.

Mwongozo unaofuatwa na wengi, wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unamtaka aliyezamia mara moja tu bila kusimama kwa lazima asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa saa 18, na aliyelazimika kusimama njiani akipanda asubiri zaidi ya hapo. Uliandikwa ukifikiria ndege na miinuko ya mita 600 hadi 2,400, tena ukifikiria mtu aliyezamia usawa wa bahari. Mimi nautumia kwa barabara zetu za juu na kuongeza. Ukizamia Jumamosi asubuhi, lala Kisumu, ule samaki, uondoke Jumapili mchana. Anayerudi Busia au Siaya hana wasiwasi mkubwa, njia yake haipandi sana. Wa Nandi Hills, Kisii na Eldoret wahesabu kama wa Nakuru. Na wale mnaokwenda likizo Diani, mkazamia asubuhi na kupanda treni ya SGR ya mchana kuja Nairobi, nanyi mnapanda hadi karibu mita 1,700. Treni haina mabawa lakini mlima inaupanda. (Mtu wa Nakuru asiniulize tena kuhusu Ziwa Nakuru. Magadi, tope, viboko. Hapana.)

Ubaya wa maradhi haya ya mapovu huku kwetu ni kwamba yanafanana na mambo tuliyoyazoea. Bega linauma, goti linauma, mwili umechoka ajabu, ngozi inawasha, miguu inakufa ganzi. Ukiingia kliniki yoyote ya Nyanza na malalamiko hayo utapimwa malaria, na pengine utapatikana nayo, maana ipo. Kwa hiyo sentensi ya kwanza kumwambia daktari ni hii: leo nilikuwa chini ya maji nikivuta hewa ya mtungi, kina kadhaa, dakika kadhaa. Asipoambiwa hatauliza. Halafu omba oksijeni ya asilimia 100 kwa maski iliyoshika uso vizuri, ulale, unywe maji, usijaribu kuusuluhisha mwili kwa mazoezi wala usirudi majini eti ukatoe mapovu. Tiba yenyewe ni chumba cha shinikizo, na kile ambacho wazamiaji wa Kenya wamekitegemea kiko pwani, kwa Jeshi la Wanamaji. Kutoka Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na kwa barabara lazima upande milima ile ile unayotakiwa kuikwepa. Ndege nayo iruke chini au iongezwe shinikizo ndani hadi la usawa wa bahari. Nikisema dakika 29, hesabu hiyo yote imo ndani.

Kuna swali la pili, la hasira, linalokuja kila ajali ikitokea: mbona wapiga mbizi wanachelewa hivyo? Wakenya walilipiga kelele zaidi mwaka wa 2019, gari lilipoteleza kutoka kivukoni Likoni tarehe 29 Septemba na kutolewa tarehe 11 Oktoba. Gari lilipatikana kwenye kina cha takriban mita 58. Mzamiaji wa burudani mwenye cheti kizuri mwisho wake ni mita 40. Kwenye 58, kwa hewa ya kawaida, naitrojeni inamlevya mtu kama aliyekunywa, dakika chache za kazi zinadai muda mrefu wa kupanda kwa hatua, na mkondo wa Kilindini hausubiri. Niliwaelewa waliolia pale ufuoni. Niliwaelewa pia waliokuwa chini.

Ghuba yetu ya Winam kwa kawaida haina kina hicho. Sehemu kubwa ni mita chache tu. Kinachotuchelewesha ni giza. Kamba inatandazwa chini kati ya nanga mbili, mzamiaji anaifuata kwa mkono mmoja na kupapasa tope kwa mkono wa pili, akifika mwisho nanga inasogezwa mita moja au mbili, anarudi. Hakuna anachokiona. Taa haisaidii, inang'arisha tope tu. Kiunoni amefungwa kamba nyingine iliyoshikwa na mtu wa juu, na mazungumzo yao ni mivuto: mmoja, uko salama? Minne, panda. Nyavu za nailoni zilizotupwa ndizo adui mkubwa kuliko kiboko, kwa sababu kiboko unaweza kumwona kabla hujaingia. Mimi hubeba mkasi wa chuma badala ya kisu. Kisu kinahitaji uukaze wavu kwanza ndipo ukate, na mkono wa kuukaza mara nyingi ndio ulionaswa.

Na zipo ajali ambapo kasi yenyewe ndiyo huua. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ndani kulikuwa na watu hai waliosikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, ikazama nao. Mfano wa upande wa pili ni Harrison Okene, mpishi wa tagiboti Jascon-4 iliyozama pwani ya Nigeria Mei 2013. Wapiga mbizi waliingia kutafuta maiti, wakamkuta akiwa hai kwenye mfuko wa hewa, kina cha kama mita 30, baada ya takriban saa 60. Wangemvuta moja kwa moja hadi juu wangemuua wenyewe, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeshiba naitrojeni ya kina kile. Walimvalisha vifaa, wakampeleka kwenye kengele ya kuzamia, yaani kile chumba kinachoshushwa majini, kisha akakaa kwenye chumba cha shinikizo zaidi ya siku mbili shinikizo likishushwa polepole. Baadaye alisomea kazi hiyo hiyo, akawa mzamiaji.

Hili linanileta kwa vijana wa fukwe zetu, wale ambao BMU, kamati za usimamizi wa fukwe, huwaita mtu akizama. Wanashuka kwa pumzi tu, wanalijua ziwa kuliko mimi, na wengi wametoa miili ambayo vikosi vilikuwa bado njiani. Kila baada ya ajali husikika ahadi kwamba watapewa mitungi. Napinga mitungi bila mafunzo, na sababu ni ustadi wao wenyewe. Aliyefundishwa na maisha kuziba pumzi atafanya hivyo hata akiwa na mtungi. Anayeshuka kwa pumzi amebeba hewa ya juu, itabanwa na kurudi ilivyokuwa. Aliyevuta hewa ya mtungi kwenye mita 10 akaiziba na kupanda, hewa hiyo itataka nafasi mara 2 baharini, na mara 2.1 hapa Kisumu. Mapafu hayana nafasi hiyo. Hupasuka, na haihitaji hata mita 10. Mita mbili tatu zinatosha.

Wapewe kwanza kamba nzuri, jaketi za kuelea, mtungi wa oksijeni wa hospitali boti ikirudi ufuoni, na vipimo vya kichocho na dawa yake, kwani wanaingia maji ya ukingoni, yenye konokono, kila wiki. Kisha wiki kadhaa za mafunzo, sehemu kubwa zikiwa za kupanda huku unapumua. Mitungi ije mwisho, pamoja na mtu anayejua kuijaza: kompresa iliyowekwa karibu na ekzosi ya jenereta inajaza kaboni monoksaidi, na kwenye kina sumu hiyo hukolea kama hewa nyingine yoyote.