"Ungekuwa na imani usingeogopa" na mengine tunayodanganyana

Jumapili nimetoka ibada ya kwanza, niko ndani ya daladala ya Mbagala nimebanwa mlangoni, dada mmoja anamwambia mwenzie "shida yako we huna imani, ungekuwa nayo usingeogopa". Nilitaka kuchangia ila konda alikuwa ananidai nauli. Sa acha nichangie hapa.

Dhana: mwenye imani haogopi

Mmesoma Biblia ipi jamani? Gideoni alivyoambiwa abomoe madhabahu ya Baali alienda usiku, tena na watumishi kumi wa kumsindikiza, na Waamuzi 6:27 haifichi kitu, inasema aliogopa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Madhabahu si ikabomoka? Sura inayofuata ndo inanichekeshaga zaidi, jeshi lake lina watu 32,000, wakaambiwa anayeogopa arudi nyumbani, wakaondoka 22,000, unafikiri sasa wamebaki majasiri watupu, afu usiku uleule Mungu anamwambia Gideoni mwenyewe kama unaogopa kushuka nenda kwanza na Pura mtumishi wako ukasikilize wanachosema kule kambini kwa maadui. Na akaenda na Pura! Yaani kamanda mwenyewe bado roho inamdunda.

Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao na udhaifu na hofu na kutetemeka kwingi. Paulo huyuhuyu.

Dhana: "usiogope" imeandikwa mara 365, moja ya kila siku

Hii kila Januari lazima uikute kwenye status. Inapendeza, ila ukikaa ukahesabu kwenye Biblia yetu haifiki huko. Na hata ingefika, mtu haambiwi usiogope kama haogopi.

Dhana: imani ni kujirusha, hesabu waachie wasioamini

Hapa ndo watu wanaumia hapa mjini. Mtu anachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, "kwa imani", wiki ya tatu wakopeshaji wako mlangoni wanabeba tivii na mtungi wa gesi, afu anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Hapana bwana. Yesu mwenyewe ndo aliuliza nani anataka kujenga mnara asikae kwanza akapiga gharama (Luka 14:28). Na kwenye Mathayo 4, aliyesema "jitupe chini" pale juu ya hekalu alikuwa shetani, tena na mstari wa Zaburi 91 mkononi, akajibiwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Hata Petro alivyomwona Yesu anatembea juu ya maji hakuruka tu kutoka kwenye chombo, alisema kwanza "niamuru nije kwako", akaambiwa njoo, ndo akashuka.

Mi mtu wangu ni Nehemia, yule aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu. Mbele ya mfalme anakiri aliogopa sana, lakini mfalme alivyomuuliza anataka nini, akaomba kimoyomoyo, akajibu, na alikuwa kajipanga: anataja muda atakaotumia, anaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto, anaomba na barua ya Asafu mlinzi wa msitu wa mfalme ili apate miti. Alivyofika Yerusalemu akazunguka usiku kukagua ukuta kabla hajamwambia mtu yeyote. Yule alikuwa na imani na alikuwa na bajeti.

Dhana: ukithubutu kwa ajili ya Mungu lazima mambo yanyooke

Wale vijana watatu wa Babeli waliotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza "bali kama si hivyo". Hayo maneno manne sijawahi kuona yamebandikwa nyuma ya daladala. Waebrania 11 tunaisomaga mpaka kwenye waliofunga vinywa vya simba, tunaishia hapo, chini yake kuna waliopigwa mawe na waliokatwa kwa misumeno, na imani ni ileile.

Mi yangu ni ndogo sana. Nilikuwa nauza duka moja la jumla Kariakoo, siku hiyo mzigo wa milioni moja na laki nane bosi ananiambia risiti toa ya laki na themanini. Mteja kasimama, kidole kiko juu ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kina jasho mpaka kinateleza, kichwani napiga hesabu ya kodi ya chumba. Nikasema bosi samahani, hii siwezi. Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

Jioni nilipewa hela ya siku zangu nikaambiwa kesho usije. Hakuna muujiza uliofuata, nilikaa miezi mitatu Chanika kwa shemeji nalala sebuleni, sa hivi namsaidia dada genge lake Tandika na napata kama nusu ya nilichokuwa napata. Ningeulizwa leo ningejibu vilevile. Ila nikienda Kariakoo kufuata vifungashio, ule mtaa bado naukwepa, nazungukia wa nyuma, naogopa kukutana na bosi.