Kupe haanguki kutoka mwembeni

Jirani yangu huku Goba akiingia kufyeka bustani yake hujifunga kitambaa kichwani, miguuni kandambili. Anaamini kupe huwadondokea watu kutoka kwenye mwembe. Ukimkuta shingoni, kweli utadhani katoka juu. Kumbe amepanda.

Kupe hana mabawa, wala haruki kama kiroboto. Hukwea hadi ncha ya jani, mara nyingi chini ya usawa wa goti, akashikilia kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele hewani. Ukipita ukamgusa tu, keshakudaka. Kisha hutambaa taratibu akitafuta ngozi laini: nyuma ya goti, kinena, kwapa, nyuma ya sikio.

Kwa hiyo linda miguu kwanza. Vaa mabuti na suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Nyeupe ni afadhali, maana kupe mwenye njaa ni mdogo kama punje ya ufuta. Joto la Dar linakataa, najua, fyeka alfajiri. Na mbwa anayelala kibarazani mkague masikio.

Kupe akishang'ata, usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti: akisumbuliwa anaweza kutapikia jeraha. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha, kisha osha kwa sabuni. Homa ikija siku zinazofuata, mtajie daktari huyo kupe, maana hapa mjini kila homa huanza kuitwa malaria.