Je, wajua kwa nini bustani ya Kairakuen huchanua baridi ikingali kali?

Mwezi wa pili mjini Mito, kaskazini-mashariki mwa Tokyo, asubuhi sakitu bado imelala juu ya nyasi na watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti. Hata hivyo bustani ya Kairakuen hufurika. Wanafuata maua ya ume, tunda tunalolitafsiri "plamu" ingawa kwa ukoo liko karibu zaidi na aprikoti. Miti iliyopo ni kama 3,000, ya aina 100 hivi, na tamasha lake lilianza 1896.

Mbona mti huu haungoji joto? Vitumba vya maua yake hutungwa tangu kiangazi cha mwaka uliopita, kisha hulala. Kinachovitoa usingizini ni baridi yenyewe: mti ukishaipata ya kutosha, joto kidogo tu linautosha kuchanua. Ume hauhitaji baridi nyingi wala joto jingi, ndiyo maana huutangulia msakura, yaani mcheri wa Kijapani, kwa wiki kadhaa. Wadudu wakati huo ni haba, lakini mejiro yupo: ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye jamaa zake wanaishi hata kwenye misitu ya Kilimanjaro. Hupenyeza mdomo kunyonya maji matamu ya ua, akaondoka na chavua usoni.

Ukisogea karibu utaona kwamba ua limegandamana na tawi, karibu halina kikonyo, wakati la msakura huning'inia. Petali ni za mviringo, hazina mkato nchani. Tena linanukia! Mara nyingi harufu ndiyo hukufikia kwanza, kabla hujaliona ua.

Aliyeanzisha bustani hii, mwaka 1842, ni Tokugawa Nariaki, mtawala wa tisa wa Mito. Alipofika Mito mwaka 1833 alikuta miti ya ume ni michache, basi akakusanya mbegu kwenye makazi yake ya Edo, Tokyo ya leo, akazipeleka zikapandwe. Sababu aliziandika mwenyewe: ua la ume huikabili theluji na kuitangulia masika, likawa rafiki wa washairi, tunda lake chachu hukata kiu, likawafaa askari vitani. Miaka hiyo njaa kubwa ilikuwa imeikumba Japani, na ume iliyotiwa chumvi ikaanikwa juani, umeboshi, yenye ukali kama wa achari ya ndimu, hukaa miaka bila kuoza. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa Kairakuen ulipo: bustani ya mashairi ambayo pia ni ghala. Jina lake lina maana ya kufurahi pamoja na watu, na kweli raia wa kawaida waliruhusiwa kuingia siku maalumu za mwezi.

Ukienda, usikimbilie maua. Ingia kwa lango kuu la zamani. Utapita kwanza kwenye kivuli cha mianzi na mierezi, penye ubaridi na ukimya, halafu nyumba ya Kobuntei, ndipo mwanga wa miti ya ume ukufungukie. Njia ilipangwa hivyo tangu mwanzo, kutoka kizani kwenda nuruni.

Mwezi wa sita matunda huchumwa na kuuzwa kwa wenyeji, nao huyapeleka nyumbani kuyatia chumvi.