Violezo vya mashine pepe kwenye maktaba ya pamoja: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Nahudumia seva za ofisi kadhaa hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, na nyingi hutumia maktaba ya pamoja ya vSphere, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoishi kama programu ndani ya seva): fundi mmoja anaandaa kiolezo, yaani mashine pepe ya mfano, wenzake wanazalisha mashine kutoka humo. Njia hii naipenda sana. Ndiyo maana naumia kukuta makosa yaleyale kila ninapoingia, yakitokana na maneno ambayo mafundi tumeambizana mpaka yakageuka kanuni.

"Nakili kiolezo, badilisha jina, mashine iko tayari."

Hili limenikosesha usingizi. Mwaka jana tulizalisha mashine mbili za Ubuntu, aina ya Linux, usiku mmoja. Majina mbalimbali, anwani za MAC (za kadi ya mtandao) mbalimbali, lakini DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, ikazipa zote anwani moja ya IP. Watumiaji wakawa wanaingia na kutolewa. Tuliishuku swichi, tukabadilisha kebo, tukakesha. Kumbe chanzo ni faili dogo, /etc/machine-id. Ubuntu ya seva, tangu toleo la 18.04, kwa kawaida hujitambulisha kwa DHCP kwa namba inayotokana na faili hilo, wala haitazami MAC. Kiolezo chetu kilishawashwa kabla ya kuhifadhiwa, namba ikaandikwa humo, na kila mashine ikazaliwa nayo. Mkazi wa Ngamiani ataelewa upesi: nyumba mbili za Barabara ya Nane zikibandikwa namba moja, mgeni atabisha hodi wapi?

Dawa yake: kabla ya kuizima mashine mara ya mwisho, lifanye faili hilo liwe tupu. Usiliondoe, liache pale bila kitu ndani. Mfumo utaandika namba mpya utakapowaka. Funguo za seva za SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, nazo zifutwe, kwani zikibaki, mwenye kuiba za mashine moja anaweza kujifanya yoyote kati ya ndugu zake. Ila hakikisha cloud-init, programu inayoiandaa mashine inapowaka mara ya kwanza, imo ili izitengeneze upya, la sivyo hutaweza kuingia kwa SSH.

Upande wa Windows husemwa kwamba SID, namba za utambulisho wa mashine, zikifanana hakuna tatizo. Neno hili lina asili. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft alieleza kuwa SID za mashine zinazofanana hazina madhara yaliyokuwa yakihofiwa, na NewSID, programu yake ya kubadilisha SID, ikaondolewa. Wengi walishika nusu hiyo wakaiacha ya pili: Microsoft iliendelea kudai Sysprep, zana yake ya kuifutia mashine utambulisho kabla ya kunakiliwa, kwa kila nakala. Kisha mwaka 2025, visasisho vya Windows 11 24H2 na Windows Server 2025 vikaanza kukataa uthibitisho baina ya mashine zenye SID moja. Pitisha Sysprep, kila mara.

"Ukirekebisha kiolezo, mashine zilizotoka humo zinarekebika."

Hapana. Mashine ikishazalishwa kwa nakala kamili imejitenga; kila moja utaitia viraka peke yake. Na kiolezo chenyewe kinazeeka. Msaada wa CentOS 7, nayo aina ya Linux, ulikoma tarehe 30 Juni 2024, lakini bado nakuta kiolezo chake maktabani, na mtu anakizalishia mashine mpya asubuhi hiyohiyo.

Tangu vSphere 7.0 ya mwaka 2020, kiolezo unaweza kukiazima: unakitoa kama mashine, unakisasisha, unakirudisha na maelezo ya ulichobadilisha. Wenzako wanaendelea kukitumia wakati umekiazima, na toleo jipya likiharibika unarudi la awali. Hii ni kwa vile vilivyohifadhiwa kama violezo vya mashine. Vya OVF, yaani vilivyohifadhiwa kama furushi la faili za kusafirisha mashine, haviazimwi. Itakubidi uzalishe mashine, uitengeneze, kisha uirudishe juu ya kile cha zamani.

Lipo pia neno la siri "la muda" linaloachwa ndani ya kiolezo. Waja leo waondoka leo, tunavyosema kwetu, na mgeni huyo haondoki: miaka miwili baadaye linafungua kila seva ya ofisi.

"Kiko maktabani, basi bakapu tunayo."

Maktaba ikiwa kwenye diski ileile ya mashine zako, diski ikifa vyote vimekwenda. Tena kiolezo hakina data ya jana.

"Tawi la mbali litakipata papo hapo."

Maktaba iliyojiunga na nyingine husawazishwa kwa ratiba au kwa kuamriwa, na violezo vya mashine haviendi kama OVF. Mwenye maktaba lazima avichapishe mwenyewe. Halafu piga hesabu ya laini. Kiolezo cha GB 40 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde kinachukua karibu saa nne na nusu, laini ikiwa haina mtumiaji mwingine. Kwa tawi la Korogwe tulichagua kupakua inapohitajika tu, na kiolezo kikubwa kuliko vyote tulikitoa kama OVA (furushi la OVF katika faili moja), tukakiweka kwenye diski ya nje, kijana akapanda nacho basi la asubuhi. Kabla ya adhuhuri kilikuwa kimeingizwa maktabani kule.